Joseph Mungai, Waziri Aliyejaza Madarasa

Joseph James Mungai (24 Oktoba 1943 – 8 Novemba 2016) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania, mbunge kutoka Mufindi kwa miongo kadhaa, na Waziri wa Elimu na Utamaduni katika muhula wa pili wa Rais Benjamin Mkapa, kuanzia mwaka 2000 hadi 2005. Katika miaka hiyo mitano ada ya shule ya msingi ilifutwa, wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 hadi milioni 7.5, na mpango wa kusambaza sekondari nchi nzima ukaanza. Katika miaka hiyohiyo mashindano ya michezo ya shule yalizimwa, fizikia na kemia zikaunganishwa kuwa somo moja, na asasi ya kiraia iliyokosoa utekelezaji wa mipango ya wizara ikapigwa marufuku kuandika habari za shule.

Hakuwa mtu wa kwetu Kyela. Mufindi iko juu, kwenye baridi na chai. Sisi tuko chini, kwenye mpunga, kakao na michikichi, tunapakana na Ziwa Nyasa na mto Songwe. Lakini mtu wa kata ya Ikolo mwenye umri wa miaka thelathini hivi leo, kama alikaa kwenye dawati, alikaa ndani ya mfumo uliopita mikononi mwa Mungai. Ndiyo maana maisha yake yanastahili kuelezwa hapa Kyela kwa utulivu, bila kumtukuza kupita kiasi na bila kumbeza. Maoni yangu nayatamka mapema ili msomaji ayapime njiani: yale aliyoyajenga pamoja na wazazi na kamati za shule yamedumu hadi leo, na yale aliyoyaagiza kwa waraka yalifutwa karibu mara tu alipotoka ofisini.

Mtu wa Mufindi

Mungai aliingia bungeni mwaka 1970, enzi ya chama kimoja. Wagombea wawili wa TANU walipambanishwa jimboni, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakachagua. Muda si mrefu Mwalimu Nyerere alimteua, akiwa bado kijana, kuwa Waziri wa Kilimo. Ilikuwa miaka ya Azimio la Iringa la 1972, lile la Siasa ni Kilimo, lililopitishwa katika mkoa wake mwenyewe. Baadaye kidogo ikaja Operesheni Vijiji. Kizazi kile cha viongozi kilijifunza kazi kwa namna moja: azimio linapitishwa juu, waraka unashuka, mkuu wa wilaya anasimamia, wananchi wanatekeleza. Wapo walioiacha tabia hiyo baadaye. Mungai hakuiacha kabisa, na bila kulikumbuka hilo mtu hawezi kumwelewa alipofika Wizara ya Elimu miaka thelathini baadaye.

Namwita mhafidhina, lakini simaanishi kwamba alikuwa na chama cha kihafidhina. Maisha yake ya uongozi aliyapitisha TANU, kisha CCM. Namaanisha mwelekeo wa moyo wake: nidhamu kwanza, kazi kwanza, serikali isikilizwe, na mwenye kuhoji aonyeshe kwanza amefanya nini. Watu wa namna hiyo tunawajua hata katika koo zetu. Ndio wanaosimamia ujenzi wa shule hadi bati la mwisho, na ndio haohao wasiotaka kuulizwa matumizi ya fedha mbele ya watu.

Upande mwingine wa Mungai ulionekana nyumbani kwake. Baada ya elimu ya msingi kufanywa ya lazima kwa wote mwaka 1977, kufuatia Azimio la Musoma la 1974, nchi ilijikuta na mamia ya maelfu ya wahitimu wa darasa la saba na sekondari chache mno. Serikali ilikuwa imeibana sekondari kwa makusudi ili fedha ziende chini, kwa watoto wengi. Mapema miaka ya 1980 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta wa Njombe, jirani kabisa na Mufindi, ilipendekeza mfumo upanuliwe, na wananchi wakapata nafasi zaidi ya kujenga sekondari zao wenyewe. Nyanda za Juu Kusini ziliipokea nafasi hiyo kwa nguvu. Mifuko ya elimu ya wilaya ikaanzishwa, na Mungai akawa mstari wa mbele katika ule wa Mufindi. Sekondari zilijengwa kwa michango, kwa mikutano ya vijiji, na kwa kubembelezana. Leo Mafinga kuna sekondari inayoitwa kwa jina lake.

Hali aliyoikuta

Mwaka 2000, kati ya watoto kumi wa Tanzania wenye umri wa kuwa shule ya msingi, ni kama sita tu waliokuwa wameandikishwa. Hii ilikuwa nchi ambayo miaka ishirini kabla yake ilikaribia kumwingiza kila mtoto darasani. Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 na masharti ya wakopeshaji vilirudisha ada, na katika miaka ya 1990 mzazi alitakiwa kulipa shilingi 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, ukiacha sare, madaftari, na michango ya dawati, ya mlinzi, ya mtihani.

Kwa anayeishi mjini, 2,000 inaweza kuonekana ndogo. Katika bonde la Kyela hesabu ilikuwa na ugumu wake. Shule zinafunguliwa Januari. Januari ndiyo mwezi ambao nyumba ya mkulima wa mpunga haina kitu: akiba ya mavuno imekwisha, miche inahamishiwa majarubani, na fedha inayoonekana ni ya samaki au ya ndizi. Mavuno yanakuja Mei na Juni. Mwenye watoto wanne alidaiwa wakati ule ambao hawezi kulipa, na alipoweza kulipa, nusu ya mwaka ilikuwa imepita na mtoto amezoea kuamia ndege shambani. Wengi hawakurudi. Wasichana walikuwa wa kwanza kubaki nyumbani, kama ilivyo kila mahali penye uchaguzi wa namna hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba bonde hili halikuwa geni kwa shule. Wamisionari Wamoravian na Walutheri wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891 kwa kupitia Ziwa Nyasa, na popote walipojenga kanisa walijenga darasa. Wazee wetu walisoma mapema kuliko watu wa mikoa mingi. Kuanguka kwa uandikishaji katika miaka ya 1990 kuliumiza zaidi mahali ambapo babu alikuwa anajua kusoma na mjukuu hajui.

MMEM

Ada ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza kutekelezwa Januari 2002 kwa miaka mitano. Sifa hii si ya Mungai peke yake. Rais Mkapa aliamua. Msamaha wa madeni, ambao Tanzania ilifikia hatua yake ya mwisho Novemba 2001, uliacha fedha. Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 150. Wanaharakati wa ndani na nje walikuwa wamepigia kelele ada kwa miaka. Mungai alikuwa mtekelezaji, na katika elimu utekelezaji ndio mahali ambapo maazimio mengi hufia. Yeye hakuuacha huu ufe.

Jinsi mpango ulivyofanya kazi ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote. Kila shule iliahidiwa ruzuku yenye thamani ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa ajili ya vitabu, chaki, ukarabati na uendeshaji. Palikuwa na ruzuku nyingine ya kujenga madarasa na nyumba za walimu. Kamati ya shule ilifungua akaunti benki, ikapanga, ikanunua, na ilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mkulima wa kijijini ambaye hakuwa diwani wala mwalimu alipewa madaraka juu ya fedha ya serikali. Wananchi wakatoa nguvu kazi: mchanga, matofali ya kuchoma, maji. Makumi ya maelfu ya madarasa yakasimama nchini ndani ya miaka michache.

Matokeo ya uandikishaji hayana mjadala. Mwaka 2002 vyumba vya darasa la kwanza vilipokea watoto wa miaka saba pamoja na wa miaka kumi na kumi na moja waliokuwa wameachwa nje. Kwa waliokuwa wakubwa zaidi, mpango wa MEMKWA uliwapa njia fupi ya kufidia miaka waliyopoteza. Kufikia 2005, watoto tisa na zaidi kati ya kumi wenye umri wa shule ya msingi walikuwa wameandikishwa. Kufaulu mtihani wa darasa la saba kulipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2000 hadi karibu asilimia 62 mwaka 2005.

Palikuwa na gharama. Mwaka 2000 mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 41 kwa wastani wa taifa. Miaka minne baadaye wastani ulikaribia 60, na wastani huo ulificha madarasa ya watoto mia moja. Ruzuku ya dola 10 haikufika kamili. Ufuatiliaji wa fedha ulionyesha kwamba sehemu kubwa ilipungua njiani kabla ya kuifikia akaunti ya shule. Ramani ya darasa ilikuwa ya taifa zima, ilhali mafuriko ya Aprili ni ya kwetu, na chumba kilichojengwa kwa msingi mfupi katika bonde hili hulowa sakafu kila masika. Walimu waliandaliwa kwa haraka: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni wakifundisha huku wakijifunza.

Lipo pia swali zito zaidi, ambalo asilimia za mtihani hazikulijibu: watoto hawa walijifunza nini? Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo, uliopima watoto nyumbani kwao, uligundua kwamba karibu theluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mlango ulikuwa umefunguliwa na watoto wameingia. Kazi ya mwalimu mbele ya ubao ndiyo iliyobaki nyuma. Siioni hiyo kama sababu ya kuilaumu MMEM kwa kuwaingiza. Mtoto aliye darasani anaweza kufundishwa. Aliye shambani kuamia ndege hawezi.

Amri

Upande wa pili wa miaka ile mitano ni wa nyaraka. Mungai alisimamisha mashindano ya michezo ya shule, yale ya msingi na yale ya sekondari tunayoyajua kama UMITASHUMTA na UMISSETA, akitaka muda wa shule uwe wa masomo. Nia inaeleweka. Hasara nayo inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona uwanja wa shule wakati wa mashindano: mtoto ambaye hesabu zimemshinda alikuwa na mahali pengine pa kuheshimiwa, na hiyo ilimfanya arudi shuleni kesho yake. Wataalamu wa soka na riadha nchini walilalamika kwa miaka kwamba chemchemi ya vipaji ilikauka wakati huo.

Kisha, mwaka 2005, mtaala wa sekondari ulibadilishwa na fizikia ikaunganishwa na kemia. Walimu waliosomea somo moja wakatakiwa kufundisha mawili, vitabu havikuwepo, na wanafunzi waliotaka uhandisi au udaktari hawakujua watapimwaje. Hakukuwa na maandalizi ya kutosha wala majadiliano ya kweli na wanaofundisha. Kwa uzito wa jambo lenyewe hili ndilo kosa lake kubwa zaidi la kitaaluma.

Ugomvi wake na HakiElimu unaonyesha tabia yake waziwazi kuliko jambo lingine lolote. Asasi hiyo iliyoanzishwa mwaka 2001, chini ya Rakesh Rajani, ilitoa mwaka 2005 tathmini ya miaka mitatu ya MMEM ikitumia kwa sehemu kubwa taarifa za serikali yenyewe. Ilisema mafanikio ni makubwa na mapungufu ni makubwa pia. Matangazo yake ya redio na televisheni yaliwafikia wazazi hadi vijijini. Septemba 2005 wizara iliizuia isifanye tafiti wala kuchapisha lolote kuhusu shule. Waziri aliyekuwa amewapa wanakijiji haki ya kusoma mapato na matumizi kwenye ubao wa shule alikataa kusomewa mapato na matumizi ya wizara yake. Mambo hayo mawili hayapatani, na sijaona utetezi wake unaoyapatanisha.

Mageuzi ya elimu yanayofanywa na wahafidhina yana historia ndefu nje ya nchi yetu, na mfano mmoja unasaidia kulinganisha. Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia na kiongozi wa chama cha Liberal, ambacho huko ndicho cha kihafidhina, aliahidi katika uchaguzi wa 1963 fedha za serikali kuu kwa ajili ya maabara za sayansi katika sekondari zote, pamoja na za makanisa. Kwa karibu karne nzima shule za Kikatoliki zilikuwa zimenyimwa msaada wa serikali, na suala hilo lilikuwa limegawanya nchi kwa misingi ya madhehebu. Menzies hakuanza na amri juu ya mtaala. Alianza na jengo ambalo kila mzazi alilitaka, akalipeleka kwa wapiga kura, akashinda. Msaada kwa shule za makanisa haukuondolewa na serikali yoyote iliyofuata, hata ya wapinzani wake. MMEM ilipita njia inayofanana na hiyo, na yenyewe haikuondolewa. Waraka wa fizikia na kemia haukupita njia hiyo.

Baada ya 2005

Rais Jakaya Kikwete alipounda baraza lake la kwanza Januari 2006, Wizara ya Elimu ilikwenda kwa Margaret Sitta, mwalimu na kiongozi wa zamani wa chama cha walimu. Fizikia na kemia zikatenganishwa tena. Michezo ikarudi shuleni. HakiElimu ikaendelea na kazi zake. Mungai alirudi Wizara ya Kilimo kwa miezi michache, kisha akapelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kutoka kwake serikalini kuna mkono wa Kyela, ingawa haukumlenga yeye. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na mwenyekiti wake alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Taarifa ilisomwa bungeni Dodoma mwanzoni mwa Februari 2008. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, baraza zima la mawaziri likavunjika, na lilipoundwa upya jina la Mungai halikuwemo. Hakuwa mtuhumiwa wa Richmond. Alikuwa mmoja wa waliopita na mkondo.

Shule za kata ni za nani?

Katika vijiwe vya bonde hili, ukitaja shule za kata, jina linalotajwa kwanza ni la Lowassa. Kuna haki katika hilo. Akiwa waziri mkuu kuanzia mwisho wa 2005 aliwasukuma wakuu wa mikoa na wilaya bila kupumzika, na sekondari zikaota kama uyoga baada ya mvua. Lakini mpango wenyewe uliandikwa na kuanza kabla yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004 chini ya Mungai, kwa dola milioni 150 nyingine za Benki ya Dunia, na lengo la kuzisogeza sekondari hadi ngazi ya kata lilikuwemo ndani yake. Ada ya sekondari za kutwa za serikali ilipunguzwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000. Nchi ilikuwa na sekondari 927 mwaka 2000 na 1,745 mwaka 2005, kabla Lowassa hajaketi kwenye kiti cha uwaziri mkuu. Mwaka 2000 mtoto mmoja kati ya watano hivi wa darasa la saba alipata nafasi ya kidato cha kwanza. Mwaka 2005 ilikuwa karibu nusu yao.

Ili kupata walimu, serikali ilichukua vijana waliotoka kidato cha sita na kuwapa mafunzo ya wiki chache. Wananchi wakawabeza kwa jina la Vodafasta, na jina hilo liliwaumiza wengi ambao walifanya kazi ngumu peke yao katika shule zisizo na maabara wala maktaba. Kwa upande wa walimu wa muda mrefu, Chang'ombe na Mkwawa zilifanywa vyuo vikuu vishiriki vya elimu mwaka 2005, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi mwaka huohuo wa 2005. Matunda ya hatua hizi yalichelewa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo karibu watahiniwa sita kati ya kumi walipata sifuri kabla alama hazijapangwa upya, yalikuwa ya kizazi kilichoingia darasani mwaka ule wa kwanza wa MMEM au karibu nao, kikapita katika madarasa yaliyojaa na kuishia katika shule za kata zilizokuwa bado changa.

Kwa kata za mwambao na bondeni, faida kubwa ya sekondari ya kata ilikuwa umbali. Kabla yake, kijana wa Ikolo aliyefaulu alikwenda bweni mbali au alipanga chumba mjini, na baba aliyekuwa na fedha ya mtoto mmoja alimchagua wa kiume. Shule ilipokuja karibu, msichana alilala nyumbani na kula nyumbani. Mito inapofurika njia bado hukatika, na maabara bado ni tatizo katika shule nyingi, lakini uchaguzi ule wa kikatili kati ya kaka na dada umepungua. Serikali ya Rais John Magufuli ilifuta ada ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Mungai alifariki Novemba ya mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 73, na shilingi 20,000 aliyokuwa ameiacha kwenye vitabu vya wizara ilikuwa imefutwa miezi kumi kabla.